Breki za dramu kwenye gari la kale: tengeneza kwanza, badilisha baadaye

Mwenye Ford Mustang ya 1966, pikapu ya Chevrolet ya miaka ya sitini au Land Rover Series aliyoachiwa na mzee wake, akiwa anakaa Likoni, Kisauni au Changamwe hapa Mombasa, hupewa shauri moja na kila anayeliangalia gari lake: "Toa hizo dramu, weka diski." Shauri hilo lina ukweli ndani yake, ila huja mapema mno. Magari mengi ya kale yanayochelewa kusimama hayasumbuliwi na dramu. Yanasumbuliwa na kutotunzwa: viatu vya breki havijarekebishwa miaka nenda miaka rudi, mafuta ya breki yamekunywa maji, mipira ya kupitisha mafuta hayo imevimba kwa ndani, lainingi zimelowa grisi. Ukifunga diski kwenye mfumo wa namna hiyo, umetumia pesa nyingi na hatari iko pale pale.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu: ielewe dramu, itengeneze mpaka ifanye kazi kama ilivyotoka kiwandani, jifunze kuiendesha, kisha uboreshe. Na uboreshaji wenyewe uanzie kwenye masta silinda, diski zifuate baadaye.

Hapa kwetu mafundi hawakosekani. Tuktuk za Bajaj zilizojaa kila kituo zimetumia dramu kwenye magurudumu yote matatu, Hiace nyingi zina dramu nyuma, na malori yanayotoka bandarini kupitia Changamwe husimamishwa na dramu kubwa za upepo. Watu wanaojua kuifungua dramu, kupigilia lainingi mpya kwa riveti na kukereza chuma wako karibu na nyumbani kwako.

Dramu inavyofanya kazi

Ukikanyaga pedeli, masta silinda husukuma mafuta hadi wili silinda iliyo ndani ya kila gurudumu. Wili silinda husukuma viatu viwili kwenda nje, na lainingi zilizoko juu ya viatu husuguana na dramu inayozunguka. Dramu inapozunguka hukivuta kile kiatu kinachotangulia na kukikandamiza zaidi kuliko mguu wako ulivyokusudia. Hapo ndipo penye nguvu ya dramu. Breki za Bendix zilizofungwa kwenye magari mengi ya Marekani ziliongeza hatua moja: viatu viwili viliunganishwa kwa chini, kiatu cha mbele kikikamata kinakisukuma cha nyuma nacho kikamate kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana gari zito lisilo na sevo ya kusaidia mguu liliweza kusimamishwa kwa mguu wa mtu wa kawaida.

Sifa hiyo hiyo ndiyo huleta lawama. Kwa kuwa nguvu inazidishwa, kasoro nayo inazidishwa. Gurudumu moja likipata unyevu, kutu au tone la grisi, gari huvuta upande. Hapa pwani utaliona hilo asubuhi: dramu imelala kwenye hewa ya chumvi, kutu nyepesi imeota ndani, na breki ya kwanza inakamata ghafla. Ikitulia baada ya kupiga breki mara mbili tatu, hiyo ni kutu ya usiku. Ikiendelea kuvuta, fungua gurudumu.

Adui wa pili ni joto. Dramu ikipata moto hutanuka na kuviacha viatu, pedeli ikazidi kwenda chini. Lainingi nazo zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko. Hayo ndiyo humpata anayeteremka kutoka mji wa Kwale kuelekea Kombani huku mguu umelalia breki tangu juu. Diski iko wazi na hupoa haraka, lakini dramu hulifungia joto ndani.

Kuna jambo la tatu ambalo wenye Land Rover Series ya 109 wanapaswa kulijua. Breki zake za mbele, zenye kipenyo cha inchi 11, zina wili silinda mbili kila upande, na viatu vyote viwili hutangulia gari likienda mbele. Likirudi nyuma, viatu vyote viwili hugeuka kuwa vya kufuata, na nguvu ya mbele hupungua sana. Ukiwa umesimama kwenye mteremko wa feri ya Likoni, pua ikitazama juu, usitegemee pedeli peke yake kulizuia gari lisirudi. Tumia handbreki na gia.

Mafuta ya breki na hewa ya Mombasa

Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya Mombasa ina unyevu mwaka mzima. Kwa viwango vyake, DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka hutoa povu la mvuke, na mvuke hukandamizika. Pedeli inazama hadi sakafuni na gari linaendelea kwenda.

Kwa hiyo badilisha mafuta yote kila mwaka. Ukichelewa sana, isipite miaka miwili. Nunua kopo dogo lililofungwa, litumie, na kilichobaki usikiweke rafuni mwaka mzima ukidhani ni kizima. Tumia DOT 4 ikiwa raba za gari lako zinairuhusu, na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni.

Maji hayo hayo huila wili silinda kwa ndani. Ukivua kifuniko cha vumbi cha raba ukakuta unyevu au matope ya kahawia, silinda imeanza kuvuja hata kama tone halijafika chini. Usiitie raba mpya kwenye silinda iliyochimbika. Raba hiyo itakatwa upya na mashimo. Badilisha silinda nzima.

Ukaguzi wa asubuhi moja

Tafuta sakafu tambarare na ngumu, wala si mchanga. Weka mawe au vizuizi kwenye magurudumu yatakayobaki chini, inua kwa jeki, kisha ulipumzishe gari juu ya stendi. Mwenye Land Rover Series asisahau kwamba handbreki yake imefungwa nyuma ya giaboksi na si kwenye magurudumu. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, handbreki hiyo hailizuii gari tena, kwa sababu difu huliachia lile lililo hewani lizunguke. Watu wameangukiwa na magari kwa kutolijua hilo.

Dramu ikikataa kutoka, legeza marekebisho ya viatu kwanza, kisha igonge pembeni kwa nyundo ya raba au kipande cha ubao. Usilipulize vumbi lililo ndani kwa hewa ya kompresa wala kwa mdomo. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, lifute kwa kitambaa, kitambaa ukitie kwenye mfuko na ukitupe.

Sasa angalia mambo haya:

1. Lainingi. Zikikaribia vichwa vya riveti, muda wake umekwisha. Riveti ikigusa dramu huichimba. Zilizolowa mafuta ya breki au grisi hazioshwi kwa petroli wala hazichomwi moto. Zitupwe, na zibadilishwe pande zote mbili za ekseli kwa pamoja. Kabla ya kufunga mpya, tafuta mafuta yalitoka wapi: wili silinda au sili ya ekseli.

2. Mahali pa viatu. Kwenye breki za Bendix za Kimarekani, viatu viwili vya gurudumu moja havifanani. Chenye lainingi fupi hukaa mbele, chenye lainingi ndefu hukaa nyuma, kwa sababu cha nyuma ndicho kinachobeba kazi kubwa. Fundi aliyezoea tuktuk anaweza kuvifunga kinyume bila kugundua, na gari likapoteza breki bila sababu inayoonekana.

3. Dramu yenyewe. Pitisha kidole ndani. Mifereji ya kina, nyufa au ukingo mrefu ni dalili ya kuipeleka kwa mkerezaji. Mpe kipimo cha mwisho kabla hajaanza. Dramu nyingi za Marekani za inchi 10 mwisho wake ni inchi 10.060, yaani milimita moja na nusu hivi juu ya kipenyo cha awali. Ikivuka hapo chuma ni chembamba, hakibebi joto na kinaweza kupasuka. Dramu za ekseli moja zikerezwe kwa kipimo kimoja.

4. Mipira. Mpira wa breki huoza kwa ndani nje ukiwa unapendeza. Dalili yake ni gurudumu moja kubaki limeshika baada ya kuachia pedeli, kwa kuwa mafuta yanaenda kwa nguvu lakini hayarudi. Ukitoka safari fupi, nyunyiza matone ya maji juu ya kila dramu. Inayochemsha maji wakati wenzake hazichemshi ndiyo yenye shida. Mipira ambayo umri wake haujulikani, badilisha yote.

5. Mabomba ya chuma. Chumvi huyala zaidi pale yalipobanwa na vishikizo, kwa sababu mchanga na maji hukaa humo. Yakibadilishwa, mabomba ya mchanganyiko wa kopa na nikeli huvumilia pwani kuliko chuma cha kawaida. Kopa tupu iliyokatwa kwenye friji haifai hata kidogo.

Jambo moja lisimamie mwenyewe gereji: raba za breki zisiguswe na petroli, dizeli, grisi ya kawaida wala oili ya injini. Zote hizo huvimbisha raba. Chombo kimoja cha oili kikimiminwa kimakosa kwenye masta silinda, kila raba ya mfumo mzima imeharibika. Osha kwa spiriti au kwa mafuta mapya ya breki.

Kurekebisha viatu

Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Lainingi zinapolika, viatu hukaa mbali na dramu, na nusu ya mwendo wa pedeli huishia kuziba pengo hilo. Ndipo dereva anapoanza kupampu.

Kwenye gari la Kimarekani, chungulia nyuma ya sahani ya breki kwa chini. Kuna tundu refu lililozibwa na raba. Ndani yake utaona kinyota chenye meno. Kisukume kwa bisibisi bapa, jino moja moja, huku mkono mwingine ukilizungusha gurudumu, mpaka likatae kuzunguka. Kisha kirudishe mpaka gurudumu lizunguke kwa sauti hafifu ya kugusana. Magari mengi ya miaka ya sitini yana mtambo wa kujirekebisha, nao hufanya kazi unapopiga breki ukirudi nyuma. Kama hauendi, mara nyingi kinyota kimeganda kwa kutu au kimefungwa upande usio wake. Cha kushoto na cha kulia havibadilishani.

Kwenye Land Rover Series utageuza bolti iliyo nyuma ya sahani, inayozungusha kemu ndani. Kwenye 109 ziko mbili kwa kila gurudumu la mbele, moja kwa kila kiatu. Zipake dawa ya kulegeza kutu usiku wa kabla yake, maana zilizokaa pwani hukatika zikilazimishwa.

Kila baada ya kurekebisha gurudumu moja, kanyaga pedeli kwa nguvu, iachie, kisha urudi kupima. Viatu hujipanga katikati na nafasi mpya huonekana.

Kutoa upepo

Kazi ya kutoa hewa iliyonaswa kwenye mabomba inahitaji watu wawili wanaosikilizana. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari ya usukani wa kulia kama yetu, hilo kwa kawaida ni la nyuma kushoto. Kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia.

Mpira mwembamba unaoonyesha ndani uvishwe kwenye niplo ya kutolea upepo, ncha yake nyingine izame ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Fundi aliye chini ndiye anayetoa amri:

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo, usiachie." Anafungua niplo, povu linatoka, anaifunga. "Achia pole pole."

Aliye juu asiachie kabla niplo haijafungwa, la sivyo hewa itavutwa upya. Kila baada ya mikanyago michache, jaza kikombe cha masta silinda. Kikikauka, mnaanza upya. Endeleeni mpaka mafuta yatoke safi bila povu. Pedeli ikiwa ngumu lakini ndefu, viatu havijarekebishwa. Ikiwa laini kama sponji, upepo bado umo. Ikikanyagwa na kushuka pole pole ukiishikilia, masta silinda inavujisha kwa ndani.

Jaribu gari kwenye uwanja mtupu, kwanza kwa kutembea, halafu kilomita 30 kwa saa, na uangalie kama linavuta upande. Barabara kuu ije baadaye.

Kuendesha gari lenye dramu

Ongeza nafasi mbele yako, na usibanwe na matatu inayokusukuma kwa honi. Ukishuka Kwale au Wundanyi, shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Piga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha achia zipoe, badala ya kuzilalia.

Masika ikijaza maji barabara za Kisauni na Changamwe, maji huingia ndani ya dramu na lainingi hazishiki. Ukitoka majini, endesha taratibu huku ukigusa pedeli kidogo mpaka zikauke na uhisi zinashika sawa pande zote. Ukipita maji ya bahari, fungua dramu uzioshe kwa maji baridi ya mfereji siku hiyo hiyo.

Gari likilazwa siku nyingi karibu na ufuo, usiache handbreki imevutwa. Kutu itavigandisha viatu kwenye dramu. Liache kwenye gia, na vizuizi viwekwe mbele na nyuma ya gurudumu.

Ukifika wakati wa kuboresha

Hatua ya kwanza ni masta silinda ya njia mbili. Magari mengi ya kabla ya 1967 yana njia moja tu: mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja, na tegemeo lako pekee ni handbreki. Marekani ililazimisha mfumo uliogawanywa kwa magari madogo yote kuanzia Januari 1968, na viwanda vingi vilikuwa vimeanza mwaka mmoja kabla. Masta silinda ya njia mbili hutenga mbele na nyuma, ikipasuka moja nyingine inabaki. Mwenye dramu nne nzuri na masta silinda ya njia mbili yuko salama kuliko mwenye diski mbili na njia moja.

Hatua ya pili, kwa mwenye Land Rover 88 yenye dramu za inchi 10, ni kuhamishia mbele breki za inchi 11 za 109. Ni vipuri vya jamii ile ile, vinafunga vizuri, na tofauti huonekana siku hiyo hiyo.

Sevo ni suala la urahisi. Hupunguza nguvu ya mguu, lakini haiongezi uwezo wa dramu kubeba joto. Usiifunge ili kuficha breki mbovu.

Diski ziwekwe mbele tu. Gari likipiga breki uzito huegemea mbele, na breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi. Nyuma bakisha dramu, ambazo pia hushika handbreki vizuri. Ila diski hazifungwi peke yake. Zinahitaji masta silinda yenye kipimo kinachozifaa na vali ya kupunguza msukumo wa nyuma ili magurudumu ya nyuma yasijifunge mapema. Zinahitaji pia kuondoa ile vali ndogo inayobakiza msukumo kwenye bomba la dramu. Vali hiyo ikibaki kwenye njia ya mbele, pedi hazitaachia diski, na zitawaka moto barabarani. Pima pia rimu: za inchi 13 au 14 za zamani mara nyingi hugonga kelipa.

Nunua seti iliyotengenezwa kwa gari lako, uiagize kama vipuri, na ufungaji usimamiwe na fundi anayeelewa kila sehemu yake. Kataa kabisa kelipa ya gari jingine iliyoshikiliwa kwa bamba la chuma chakavu lililochomelewa mtaani. Bamba hilo hubeba nguvu yote ya kulisimamisha gari, na welding yake ikiachia, breki imekwenda. Ukimaliza, iarifu kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko hayo, na uweke risiti za kila kipuri.

Kama una pesa za kazi moja tu mwaka huu, zitumie hivi: mipira mipya, mafuta mapya, viatu virekebishwe, masta silinda ya njia mbili. Diski zinaweza kungoja mwaka ujao. Watu walio mbele yako kwenye foleni ya feri hawawezi kungoja.